Mgema Asiyesifiwa

Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo imezoeleka mpaka imekuwa kama salamu, na kila mtu huifahamu kuwa ni onyo juu ya sifa: kwamba sifa hulevya kuliko tembo lenyewe, na fundi aliyelewa sifa huacha kuitazama kazi yake. Lakini methali hiyo ina upande ambao wahenga hawakuufikia. Yakoje mambo ya mgema ambaye hakusifiwa hata siku moja, na sifa zilizokuwa haki yake zikachukuliwa na kuvishwa mtu mwengine? Tembo la mgema huyo halikutiwa maji. Lilimwagwa mchangani, na mwenyewe akapelekwa korokoroni.

Jambo hili linataka kutazamwa sasa, kwa sababu limezuka ulimwenguni neno jipya la kuisifu bia, na neno hilo limo njiani kuingia katika Kiswahili likiwa na dhulma yake ndani, kama mchele uingiao nyumbani na chuya zake. Anayepaswa kusimama mlangoni na ungo ni mfasiri. Asipopepeta yeye, watakaokula ni wote.

Hapa halijadiliwi suala la halali na haramu. Hilo lina wenyewe na lina hukumu yake, na asiyekunywa hahitaji kuonja ndipo aelewe. Linalojadiliwa ni kazi ya mkono na jina lake: nani huitwa fundi, nani huitwa mhalifu, na kwa nini wawili hao hutenda tendo moja. Ushairi wa pwani haukuona haya kuitaja kazi hiyo. Miongoni mwa nyimbo za kale zinazonasibishwa na Fumo Liyongo umo wimbo wa uchi wa mnazi, yaani tembo, na wacha Mungu waliozinakili nyimbo hizo hawakuudondosha.

Mahali pazuri pa kulitazama neno lenyewe ni Afrika ya Kusini. Katika jimbo la Free State, chini ya milima ya Maluti na karibu na mpaka wa Lesotho, kuna mji mdogo uitwao Clarens. Uliasisiwa mwaka 1912, ukapewa jina la kitongoji cha Uswisi alikofia mwaka 1904 Paul Kruger, aliyekuwa rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal. Katikati ya mji kuna uwanja wenye miti. Kuuzunguka kuna mikahawa, maduka ya picha za kuchora na nyumba za wageni. Na juu ya yote hayo kuna majabali ya mawe ya mchanga ambayo hugeuka rangi jua linapotua. Kutoka Johannesburg ni mwendo wa kilomita 300 na ziada. Mwishoni mwa Februari limekuwa likifanyika hapo tamasha la bia zinazopikwa na viwanda vidogo vidogo, na katika muongo wa 2010 lilijipatia jina kubwa miongoni mwa wapenda bia wa nchi hiyo.

Safari ya kwenda huko ni safari ya watu wawili. Mtu na mkewe hutoka mjini Ijumaa baada ya kazi, watoto wakiwa wameachwa kwa bibi yao, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hupata kuzungumza bila ya kukatizwa. Hulala katika nyumba ya wageni yenye meko, ijapokuwa ni msimu wa joto. Jumamosi hununua tiketi, hupewa glasi ndogo ya kuonjea, na hutembea kibanda baada ya kibanda. Penye kila kibanda husimama mpishi, naye huwaeleza kimea chake ni cha nafaka gani, hopsi zake zimelimwa bonde gani, na pipa lake lililala siku ngapi. Mume hutikisa kichwa. Mke huipenda ile yenye uchachu, na mume humshangaa, kwani hakujua kuwa mkewe anapenda vitu vichachu. Jumapili hupita katika hifadhi ya Golden Gate, hutazama majabali, kisha hurejea Johannesburg wakiwa wamepumzika, wamependana upya kidogo, na wamejifunza maneno kadhaa mapya.

Hakuna ovu lolote katika hayo. Watu wawili waliochoka kuiba siku mbili za kukaa pamoja ni jambo ambalo mshairi yeyote angelitetea. Glasi ile ndogo nayo si kosa. Shaka imo katika neno lililoandikwa juu ya glasi.

Neno hilo, katika Kiingereza, hutangulizwa mbele ya neno la bia, na maana yake ni kazi ya mkono iliyofunzwa, kazi ya fundi. Ndilo linaloipa bia hiyo bei yake, na ndilo linalowafanya mtu na mkewe wasijione walevi bali wajuzi. Mfasiri akipewa tangazo la tamasha kama hilo alitie katika Kiswahili, atakwama pale pale penye neno la kwanza. Akiandika “bia ya ufundi”, atakuwa kama aliyesema kuwa bia nyengine zote hupikwa na wasiojua. Akiandika “bia ya kazi ya mikono”, watu watamuuliza ipo wapi bia ya kazi ya miguu. Akiandika “bia ya kienyeji”, atakuwa amekaribia ukweli kuliko kote, kwani bia hiyo hupikwa na watu wa mahali, kwa kiasi kidogo, na huuzwa karibu na ilipopikwa. Lakini hapo mwenye tamasha atamnyang'anya kazi.

Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili nacho kimekwisha kujengewa ngazi, na kila neno lina kidato chake. “Pombe” ni neno la kale la Kibantu. “Bia” ni neno lililokuja na chupa ya Mwingereza. Kwa maana ya asili kitu ni kimoja, yaani nafaka iliyochipushwa, ikapikwa, ikachacha. Lakini bia ikawa kinywaji cha ofisa, na pombe ikawa ugonjwa wa mwanakijiji. Mtu huenda “kunywa bia” na wenziwe. Mtu huyo huyo akifukuzwa kazi, husemwa kuwa amefukuzwa kwa sababu ya “pombe”. Na ikisemwa “pombe ya kienyeji”, sikio humaliza lenyewe kwa kuongeza neno “haramu”.

Ajabu ni kwamba neno “kienyeji” lenyewe halina kosa. Nenda sokoni umuulizie kuku. Kuku wa kienyeji ndiye ghali, ndiye mtamu, ndiye anayewekewa mgeni wa heshima, na yule wa kisasa huliwa kwa kukosa mwenziwe. Kuku amesamehewa uenyeji wake, na hata ameheshimiwa kwa ajili yake. Pombe haikusamehewa. Basi tatizo si kwamba kitu ni cha nyumbani. Ni nani alikuwa akikitengeneza, na nani alikuwa akitaka kukiuza badala yake.

Neno “fundi” nalo lina ushahidi wake. Mzizi wake umeenea kutoka pwani hii mpaka kusini ya bara. Katika Kiswahili umezaa kufunda, kufunza, kufundisha, mwanafunzi na fundi. Katika Kizulu na Kixhosa, kufunda ni kujifunza na kusoma, na “umfundisi” ni mwalimu wa dini. Kiingereza cha Afrika ya Kusini kimeazima kutoka huko neno “fundi” kwa maana ya mjuzi wa jambo. Kwa hiyo mume yule anayetikisa kichwa mbele ya kibanda, akirudi Johannesburg na kuanza kuwaeleza wenziwe habari za kimea na hopsi, anaweza kuitwa fundi wa bia, na atakayemwita hivyo hatojua kwamba ametumia neno la watu walionyimwa jina hilo kwa kazi hiyo hiyo. Fundi, kwa maana ya lugha zote hizo, ni mtu aliyefundwa. Basi na iulizwe: katika milima ile, nani alimfunda nani kupika?

Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Wasotho huiita pombe yao ya mtama joala, na kwa desturi wapishi wake ni wanawake, mama kwa binti. Mtama huloweshwa, hutandazwa mahali penye kivuli mpaka uchipue, huanikwa, kisha husagwa. Hicho ndicho kimea, ndugu wa kile kitiwacho katika togwa. Hupikwa uji, huachwa uchachuke, huchemshwa tena, hupozwa, hutiwa kimea, na huachwa ufure kwa siku chache. Kisha huchujwa na kunywewa ikiwa hai bado, kabla haijageuka. Kila hatua ina hesabu yake ya joto na saa, na hesabu hiyo haikuandikwa popote ila katika mkono wa mpishi, anayejua kwa kidole kama chungu kimepoa vya kutosha. Ikiwa tayari, huko Lesotho hupandishwa bendera nyeupe juu ya mti nje ya nyumba, na mpita njia hujua kuwa joala ipo. Ni tangazo fupi, la kweli, na halisifu kitu.

Uchachu ule uliompendeza mke ndio uchachu wa joala. Huko Ubelgiji, katika bonde la Brussels, kuna bia inayoachwa wazi ili ichachushwe na vijidudu vya hewani, na baadhi yao ni jamaa wa wale wanaogandisha maziwa. Bia hiyo huwekwa mapipani kwa miaka, na wajuzi husafiri kutoka ng'ambo kwenda kuionja. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, na ulistahiki. Lakini uchachu ukitoka Brussels huitwa ladha, na ukitoka katika chungu cha bibi huitwa uchafu. Ulimi wa binadamu hauwezi kutofautisha hivyo. Aliyetofautisha ni karani.

Karani huyo ana jina na tarehe. Mwaka 1908 koloni la Natal lilitunga sheria iliyoziruhusu serikali za miji kuhodhi upikaji na uuzaji wa pombe ya Waafrika. Durban iliitumia mara moja: kuanzia mwaka 1909 manispaa ikapika yenyewe na kuuza katika mabanda yake, na mwanamke aliyepika nyumbani akauza akawa mvunja sheria. Faida iliingia katika hazina iliyogharimia mabweni ya wafanyakazi wa Kiafrika, ofisi zilizowasimamia na polisi waliowachunga. Yaani mtu alitozwa gharama za kutawaliwa kwake, kikombe kwa kikombe. Sheria ya mwaka 1923 iliufungulia utaratibu huo njia ya kuingia miji mengine ya nchi. Kisha sheria ya mwaka 1928 ikamkataza Mwafrika kununua vileo vya Kizungu, marufuku ambayo haikuondolewa mpaka mwaka 1962. Pombe yake alinyang'anywa, na bia ya mwenziwe alikatazwa. Alibakiwa na banda la manispaa.

Wanawake walikuwa wa kwanza kulikataa jambo hilo, na hawakulikataa katika miji mikubwa tu. Mwaka 1929, katika miji midogo ya Natal kama vile Ladysmith na Weenen, waliandamana na fimbo mkononi, wakayaingia mabanda ya manispaa na kuwatoa wanaume waliokuwa wakinywa humo. Hoja yao ilieleweka na kila mwenye nyumba: fedha ya mume ilikuwa ikipotelea kwa manispaa, na fedha ya mke, aliyekuwa akiipata kwa kupika, ilikuwa imeharamishwa. Walipigwa, wakafungwa. Juni 1959, huko Cato Manor pembezoni mwa Durban, wanawake wakasimama tena, na tena mabanda ya pombe ndiyo waliyoyaendea. Mwaka 1976, wanafunzi wa Soweto walipoinuka, miongoni mwa majengo waliyoyatia moto mwanzoni yalikuwamo mabanda ya pombe. Vijana wale hawakuwa wakipigania kinywaji. Walijua nyumba ipi imewekewa msingi kwa jasho la mama zao.

Na kati ya machafuko hayo makubwa kulikuwa na maisha ya kila siku ambayo hayakuandikwa gazetini. Katika mitaa ya Waafrika ya Johannesburg, mwanamke alichimba shimo uani usiku, akalifukia debe la pombe, akafagia juu yake. Asubuhi walikuja askari na vyuma virefu, wakaichomachoma ardhi mpaka chuma kilipogonga bati. Pombe ikamwagwa, mwanamke akatozwa faini, na ili ailipe faini akapika tena. Huo ndio uliokuwa mwisho wa juma wa fundi wa bia wa zama hizo.

Sasa na uwekwe pembeni yake mwisho wa juma mwengine. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia saini sheria iliyomruhusu raia kupika bia nyumbani kwa matumizi yake bila ya kutozwa kodi, na mwaka uliofuata ikaanza kazi. Watu wakapika majikoni na katika vibanda vya gari zao, wakafundishana, wakaungana, na baadhi yao wakafungua viwanda vidogo. Hapo ndipo vuguvugu la bia za mafundi lilipopata nguvu likaenea duniani. Afrika ya Kusini nayo ilipata kiwanda chake cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1983, huko Knysna, mji mdogo wa pwani, miaka 7 tu baada ya moto wa Soweto. Ni tendo lile lile: mtu kupika nyumbani kwake, kwa kiasi kidogo, kwa mkono wake. Lilipofanywa na Mmarekani wa kawaida, sheria ilimpisha, na tendo likakua likawa utamaduni. Lilipofanywa na mama wa Kiafrika, sheria ilimchoma chuma uani, na tendo likabaki likinuka kosa.

Yupo atakayesema kwamba neno lile la sifa lina maana yake maalumu, na halikukusudiwa kumdhulumu mtu. Na maana hiyo iangaliwe. Chama cha watengenezaji bia cha Marekani, ambacho ndicho kilichoieneza sifa hiyo, kimeweka masharti kwamba mtengenezaji awe mdogo na awe huru. Udogo huo una kipimo: asizidishe mapipa milioni 6 kwa mwaka. Kipimo cha zamani kilikuwa milioni 2; kilipandishwa mwanzoni mwa muongo wa 2010, wakati kampuni moja kubwa katika chama ilipokuwa ikikaribia kuvuka. Mapipa milioni 6 ni zaidi ya lita milioni 700. Mwenye lita milioni 700 bado anaweza kuitwa mdogo na kazi yake kuitwa ya mkono, ilhali mwenye chungu kimoja hamo katika hesabu kabisa. Basi mkono unaosemwa hapo ni mkono wa hisa na hati za umiliki. Hayo ni mambo halali ya biashara, lakini yasiitwe ufundi, maana ufundi hujulikana kwa aliyefundwa.

Yapo majibu matatu yenye uzito, na si haki kuyapita.

La kwanza ni kwamba wenye viwanda vidogo wa Afrika ya Kusini wao wenyewe ni wanyonge. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1895 ililishika soko la bia la nchi hiyo kwa miongo mingi, na mwaka 2016 ikamezwa na kampuni kubwa kuliko zote duniani. Anayesimama na vipipa vyake mbele ya jabali hilo anastahiki kuungwa mkono. Ni kweli, na makala haya hayamnyimi. Lakini mnyonge anayejisifu kwa jina la mnyonge zaidi yake, bila ya kumtaja, ameanza kuiga tabia ya jabali.

La pili ni kwamba mambo yamebadilika, na hili nalo ni kweli. Apiwe Nxusani-Mawela, mwanamke mweusi wa Afrika ya Kusini aliyesomea utengenezaji wa bia, alianzisha kiwanda chake mwaka 2015, na bia yake aliipa jina la Tolokazi. Mtama haukumwonea haya, wala yeye hakuuonea. Mfano wake unaithibitisha hoja badala ya kuivunja: ufundi ulikuwapo kabla ya tamasha, na aliyetaka kuunganisha bibi na kiwanda aliweza. Wengine wote, basi, hawana udhuru wa kusema kuwa hawakuona pa kuunganishia.

La tatu ndilo zito. Pombe ya nyumbani, husemwa, huua. Februari 2024, huko Kirinyaga nchini Kenya, watu zaidi ya kumi walikufa kwa kunywa kileo kilichotiwa sumu, na hawakuwa wa kwanza. Asiyeumizwa na vifo hivyo ana jiwe kifuani. Lakini mambo mawili yasichanganywe. Pombe iliyochacha chunguni ni kitu kimoja. Pombe kali iliyogemwa kwa mvuke gizani, ikatiwa kemikali na wafanyabiashara ili iwahi sokoni, ni kitu chengine. Sumu hupenda maficho, na aliyeilazimisha kazi ya nyumbani kukimbilia mafichoni ana sehemu yake katika lawama. Kenya yenyewe iliwahi kulikiri hilo: sheria ya mwaka 1980 iliyopiga marufuku chang'aa ilifutwa kwa sheria ya mwaka 2010, iliyotaka pombe hiyo ipikwe kwa vipimo na kuwekwa chupani. Lililobaki bila ya kufutwa ni dharau. Ukaguzi humwokoa mnywaji. Dharau haijawahi kumwokoa mtu.

Na hapo shauri linarudi pwani, alikozaliwa mgema wa methali. Katika Kaloleni na vijiji vya Kilifi, mgema hukwea mnazi alfajiri, hukwea tena jioni, hukata ncha ya karara kwa kisu kikali kama cha kinyozi, kipande chembamba kisichozidi unene wa ukucha, na hutungika kibuyu chake. Akikata pana, mnazi huumia. Akisahau siku moja, mkato hukauka. Kazi hiyo hufanywa juu, mita nyingi kutoka ardhini, bila ya kamba. Miongoni mwa Wamijikenda tembo hilo huingia katika mahari, katika mazishi na katika dua za wazee. Hata majumba ya waswalihina yalimjua mgema, kwani kabla ya hamira ya dukani kuenea, tembo ndilo lililoumua vitumbua na mikate. Pamoja na hayo yote, kila penye amri ya kusafisha nchi, mangwe ndiyo huvamiwa mwanzo na vibuyu ndivyo hupasuliwa, na gazeti huandika kwamba “pombe haramu imenaswa”. Mwandishi wa gazeti hilo hilo, akitumwa kesho kwenda hotelini kuandika juu ya bia mpya iliyopikwa na kijana aliyesomea ng'ambo, ataandika juu ya ubunifu.

Mtu na mkewe waliokwenda Clarens hawana hatia ya haya. Walikwenda kutafutana, wakapewa glasi yenye neno, wakalisoma kama lilivyoandikwa. Pembeni ya mji waliolala kuna mtaa wa Kgubetswana, waliowekwa Waafrika wa mji huo zama za ubaguzi. Na upande wa pili wa mto Caledon kuna bendera nyeupe. Ingekuwa neno limeandikwa kwa uaminifu, huenda mke yule aliyependa uchachu angeuliza: na huku kwenu, nani alianza? Swali moja la namna hiyo lingeipa safari yao kitu cha kuzungumza njia nzima ya kurudi, na pengine lingewafikisha, mwaka mwengine, mbele ya chungu chenyewe na mbele ya mwenye chungu.

Kwa hiyo wanaoshika kalamu katika Kiswahili wana kazi iliyo wazi. Mosi, bia ya kiwanda kidogo, iwe ya Clarens au ya Nairobi, iitwe kwa jina lake wazi: bia ya kiwanda kidogo. Hilo halimtusi mtu na halimuibii mtu. Pili, atakayeng'ang'ania kuiita bia ya fundi, basi na alitumie neno hilo kwa joala, kwa mbege, kwa ulanzi, kwa busaa na kwa tembo la mnazi, katika kurasa zile zile na kwa herufi za ukubwa ule ule. Tatu, neno “haramu” waachiwe wanaolijua kwa elimu yake, na polisi watafutiwe neno la kisheria linalosema kosa ni lipi: kukosa leseni, kutia kemikali, kumuuzia mtoto. Nne, mgema atajwe kwa kazi yake, kama anavyotajwa seremala, mwashi na mshona kofia.

Hayo hayatamtoa mgema korokoroni. Lakini aliyempeleka huko alianza na neno, na kwa neno ndipo pa kuanza kumtoa. Mgema na asifiwe kwanza, walau mara moja, kwa kisu chake, kwa mkato wake na kwa miguu yake juu ya mnazi. Akisha kusifiwa, ndipo methali itakapokuwa na haki ya kumwonya.